Kitanda, Chuma na Mifupa ya Uzeeni

Mwaka 1892 mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, alichapisha kitabu kilichoshikilia kwamba mfupa hujijenga upya kufuatana na mzigo unaoubeba, na ukikosa mzigo hupungua. Mtu angetazamia kwamba tangu hapo wazee wenye mifupa dhaifu wangeelekezwa kwenye mizigo. Walielekezwa kitandani. Mwingereza John Hilton, kwa kitabu chake cha 1863, alikwisha kuwazoeza wapasuaji kuliona pumziko kuwa dawa kuu, na fundisho hilo, lililofaa kwa jeraha bichi, likahamishiwa kwa uzee wenyewe kana kwamba nao ni jeraha. Naona kwamba karne iliyofuata haikupungukiwa na elimu ya mfupa. Ilipungukiwa na ujasiri wa kumpa mzee chuma mkononi na kupima matokeo.

Elimu ilikuwapo, ila ilichotwa kwa vijana. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowafunga hogo vijana wanne wenye afya, kiunoni na miguuni, kwa wiki 6 hadi 7. Kalsiamu ikawatoka kwa mkojo kupita kawaida, ingawa hawakuwa na ugonjwa wowote. Mwaka 1977 picha za eksirei za wachezaji tenisi zilionyesha kwamba kuta za mfupa wa mkono unaoshika raketi ni nene kuliko za mkono wa pili, kwa kiasi cha asilimia 35 kwa wanaume. Mwili mmoja, chakula kimoja, mikono miwili tofauti: ni vigumu kupata ushahidi ulio safi zaidi ya huo.

Mzee alifikiwa mwaka 1990. Huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za misuli ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo. Hapo ilipimwa misuli. Mifupa ilifuata mwaka 1994, Miriam Nelson alipochapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi, wa miaka 50 hadi 70, walionyanyua uzito mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima. Uzito wa mfupa wa shingo ya paja ulipanda kwa asilimia 0.9, kwa wenzao wasiofanya mazoezi ulishuka kwa asilimia 2.5.

Atakayesema asilimia 0.9 si kitu, ana haki nusu. Majaribio haya yalikuwa madogo na hayakuhesabu mifupa iliyovunjika. Lakini nyonga nyingi za wazee huvunjika kwa kuanguka, na mguu wenye nguvu huwahi kumzuia mtu kabla hajafika chini.

Pingamizi zito zaidi ni la bibi wa kijijini: amebeba ndoo na kushika jembe maisha yake yote, mbona mgongo umepinda? Sehemu ya jibu ni kwamba mfupa huuzoea mzigo usiobadilika; Thomas DeLorme, aliyewatibu askari majeruhi wa Marekani, alisisitiza mwaka 1945 kwamba uzito lazima upande hatua kwa hatua. Tena kuna suala la mkao. Mwaka 1984 Mehrsheed Sinaki wa Mayo Clinic alieleza habari za wanawake 59 wenye mifupa dhaifu ya mgongo. Kati ya waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Kati ya waliojinyoosha kwa nyuma, asilimia 16. Jembe, kwa maoni yangu, liko upande wa kujikunja.

Ndiyo maana jaribio la Gold Coast, Australia, lililochapishwa mwaka 2018, halikuanza na vyuma vizito. Wanawake walioshiriki, wote wa zaidi ya miaka 58 na wenye mifupa iliyopungua, walifika hatua ya kunyanyua zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao wa juu kabisa, chini ya macho ya msimamizi. Mwezi wa kwanza walitumia uzito mwepesi, wakijifunza kuchuchumaa na kuinuka bila kuupinda mgongo.