Homa ya Minyoo: Ugonjwa Uliojificha Nyuma ya Mnyoo

Fikiria mtoto wa miaka minne, London, mwaka 1790 hivi. Leo ni siku ya nane ana homa. Asubuhi inapungua, jioni inapanda. Tumbo limejaa, ulimi umefunikwa na utando, chakula hataki. Halafu anatoa mnyoo mmoja, mweupe, mrefu kama penseli. Nyumba nzima inashusha pumzi: kumbe ni minyoo! Daktari naye anakubali, anaandika "homa ya minyoo".

Katika vitabu vya tiba vya Ulaya vya karne ya 18, hilo lilikuwa jina rasmi la ugonjwa. Leo hulikuti, na si kwamba ugonjwa ulitokomezwa. Watoto wengi waliopewa jina hilo walikuwa na homa ya matumbo, yaani taifodi, huku minyoo wakiwa wamo tumboni tangu zamani.

Sasa, tusiwacheke madaktari wale, maana ushahidi wao ulionekana kwa macho. Kwanza, taifodi na mnyoo wa mviringo (askarisi) hupita njia moja: kinyesi cha mtu mmoja kinaishia mdomoni mwa mwingine. Tofauti ni kwamba mayai ya askarisi hukaa kwenye udongo wiki kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, wakati bakteria wa taifodi yuko tayari tangu anapotoka. Mahali pasipo na choo bora, mtoto mmoja huvipata vyote viwili. Pili, askarisi hapendi joto la homa. Mwili ukichemka huanza kuhangaika, na mara nyingine hutokea mdomoni, puani au chooni. Kwa hiyo homa ndiyo iliyomtoa mnyoo, lakini waliokuwa wakitazama waliona kinyume chake. Tatu, mnyoo anaonekana, bakteria haonekani.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Tiba ya homa ya minyoo ilikuwa dawa kali za kuharisha, mojawapo ikiwa kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki. Lakini taifodi hutoboa vidonda kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na kufikia wiki ya tatu vidonda hivyo vinaweza kuvuja damu au kupasuka kabisa. Kumharisha kwa nguvu mtoto mwenye utumbo wa namna hiyo ni kumwongezea hatari.

Mwaka 1782 daktari William Butter aliandika kitabu kizima kuhusu homa ya watoto inayopanda na kushuka. Jina hilo jipya lilieleza homa yenyewe badala ya kumtaja mnyoo, lakini chanzo kilibaki gizani. Mwanga ulitoka Paris. Mwaka 1829 Pierre Louis alichapisha kazi yake iliyotokana na kufuatilia wagonjwa kitandani na kupasua maiti za waliofariki. Alionyesha kwamba homa hii huacha alama zilezile: uvimbe na vidonda kwenye mabaka ya tezi za utumbo mwembamba. Yeye ndiye aliyeipa jina la taifodi. Shida ni kwamba wagonjwa wake walikuwa watu wazima, wengi vijana, na ikadhaniwa kuwa watoto wadogo hawaugui.

Miaka kama kumi baadaye, madaktari wa watoto wa Paris, akiwemo Frédéric Rilliet, walitazama matumbo ya watoto waliokufa kwa homa za aina hii. Wakakuta alama zilezile. Polepole homa ya minyoo ikaanza kufifia vitabuni. Mwaka 1873 William Budd wa Bristol alitoa kitabu kilichoeleza kuwa sumu ya taifodi husafiri kwenye kinyesi cha mgonjwa. Mwaka 1880 Karl Eberth akamwona bakteria mwenyewe, na mwaka 1884 Georg Gaffky akamwotesha maabara.

Hata hapo mnyoo hakuachwa. Madaktari wa upasuaji walipofungua tumbo la mgonjwa aliyepasuka utumbo, mara nyingine walikuta askarisi nje ya utumbo. Wengine wakasema ndiye aliyetoboa. Lakini askarisi hana meno ya kutoboa ukuta mzima. Kwa kawaida yeye hupita tu kwenye tundu ambalo taifodi imeshalifungua.

Je, mnyoo hana hatia kabisa? Hapana. Mwaka 1922 Mjapani Shimesu Koino alimeza mayai ya askarisi takriban 2,000 kwa hiari yake. Akaugua mapafu, na kwenye makohozi yake akakuta viluwiluwi vya minyoo. Kumbe kabla ya kutulia tumboni, askarisi hupitia mapafuni, na huko anaweza kuleta homa na kikohozi. Ila si homa ya wiki tatu.

Sisi nasi tuna neno letu: chango. Ni mnyoo wa tumboni, na pia ni jina la maumivu ya tumbo. Mshtakiwa na kosa vimewekwa kwenye neno moja. Ndiyo maana mzazi akiona mnyoo hukimbilia dawa ya minyoo na kungoja homa ishuke. Albendazoli inaua minyoo vizuri, lakini haimgusi bakteria wa taifodi.

Siku hizi kosa limegeuka upande wa pili pia. Kipimo cha Widal, cha mwaka 1896, hutafuta kingamwili kwenye damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwa zimebaki kutoka maambukizi ya zamani. Majibu yakisema "chanya", kila homa inaitwa taifodi, hata ikiwa ni malaria. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na vituo vingi havina uwezo huo.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa isiyoshuka apelekwe kituoni, hata kama ametoa mnyoo jana. Kupata kitu kimoja tumboni hakumaanishi kingine hakipo. Chanjo mpya ya taifodi, ambayo Malawi iliianza mwaka 2023, inazuia taifodi tu. Dawa ya minyoo inaondoa minyoo tu. Choo na sabuni vinafunga njia ya vyote viwili.