Safari ya kwanza kwa boti: namna ya kujilinda ndani ya msongamano wa watu

Wakaaji wengi wa Butembo na Beni ni watu wa milima. Wamezoea kusongamana ndani ya taksi, juu ya lori lenye kutoka Kasindi, ao watatu kwenye pikipiki moja. Wenye kuzoea maji ni wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, kule kwenye ziwa Edward. Wengine wanapanda boti mara ya kwanza wakiwa tayari watu wazima: mwanafunzi anayeenda Bukavu, kwaya iliyoalikwa Idjwi, bwana na bibi arusi wanaotaka siku tatu za kupumzika kando ya ziwa Kivu, mfanyabiashara aliyefika Dar es Salaam na kutaka kuona Zanzibar kabla ya kurudi.

Mtu wa namna hiyo anafika bandarini akiogopa mawimbi. Anachokuta kwanza ni wingi wa watu: wabeba mizigo wanaovutana begi lake, mama wachuuzi wenye vikapu vya samaki, magunia ya makala, watoto, na mstari ambao si mstari. Ni vizuri ajue mapema kwamba kwenye maziwa yetu wingi huo wa watu umeua kuliko mawimbi.

Yaliyotokea Kituku

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Ilikuwa inatoka Minova. Safari ilikuwa karibu imekwisha, na watu waliokuwa ufukweni waliiona ikilala upande mmoja na kupinduka.

Kwa nini ilikuwa imejaa namna hiyo? Barabara ya Goma kuelekea Sake na Minova ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzoni mwa mwaka ule. Watu na chakula vilivyokuwa vinapita kwa gari vikahamia kwenye maji, juu ya boti zilezile. Wengi waliopanda siku ile hawakuwa na njia nyingine.

Gavana wa Kivu ya Kusini alisema kwamba ndani mlikuwa watu 278 na kwamba 78 walikufa. Viongozi wengine walitoa hesabu ya chini. Familia zilibaki zikizunguka kati ya hospitali na ufuko wakitafuta watu wao. Hesabu ziligongana kwa sababu hapakuwa na orodha ya kweli ya abiria. Kwenye boti iliyojazwa kupita kiasi, majina ya wale wa ziada hayaandikwi, maana kuyaandika ni kujishitaki.

Tukio hilo halikuwa la kwanza. Mwezi wa 4 mwaka 2019, boti ilizama kwenye ziwa hilohilo upande wa Kalehe na zaidi ya watu 100 wakapotea. Rais Félix Tshisekedi aliagiza wakati ule kwamba abiria wavae jile ya kuokoa maisha, lile koti la rangi ya machungwa lenye kuelea. Na upande wetu wa Beni kuna kilio ambacho Kamango haijasahau: mwezi wa 3 mwaka 2014, boti iliyojaa wakimbizi Wakongomani waliotoka kambi ya Kyangwali, Uganda, ilizama kwenye ziwa Albert. Walikuwa wanataka kurudi nyumbani. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao wanawake na watoto.

Kwa nini boti inapinduka karibu na kufika

Mwaka 2018, tarehe 20 mwezi wa 9, kivuko MV Nyerere cha Tanzania kilipinduka kwenye ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Watu walikuwa wanatoka sokoni, ni siku ya gulio, kivuko kimejaa watu na mizigo. Kama Merdi, kilipinduka ng'ambo ikiwa inaonekana.

Kufanana huku kuna sababu. Anayejua kusukuma chukudu ataelewa haraka. Mzigo ukiwa chini, chukudu inatulia hata kama ni mzito. Panga magunia juu sana, kisha mtu mmoja aegemee upande: inaanguka, na hakuna nguvu ya kuizuia. Boti ni hivyo hivyo. Watu wakisimama, uzito wote unapanda juu. Wakienda wote upande mmoja kuangalia bandari, kutafuta ndugu waliokuja kuwapokea, ao kuwa wa kwanza kushuka, uzito unahama. Watu 50 wa kilo 60 kila mmoja ni tani 3. Ni kama mtu achukue mifuko 60 ya simenti katikati ya boti na kuitupa yote upande mmoja kwa dakika moja. Boti yenye mzigo wa kawaida inaweza kuvumilia. Ile ambayo tayari imezama hadi karibu na ukingo inaanza kuingiza maji, na kiisha inalala.

Juu ya hiyo, ushauri mkubwa kwa msafiri wa kwanza ni huu: boti ikikaribia kufika, baki umekaa. Ngoja kamba zifungwe na ubao wa kushukia uwekwe. Atakayeshuka wa mwisho atachelewa labda nusu saa.

Mbele ya kupanda

Kama kuna nafasi ya kuchagua, usisafiri siku ya soko kubwa wala siku ya mwisho kabla ya Noeli, Bonana, ao kufunguliwa kwa masomo. Hizo ndizo siku ambazo hata boti nzuri inageuka gulio. Fika mapema, sababu anayefika dakika ya mwisho ndiye anayekubali kila kitu: kusimama, kukaa juu ya mizigo ya watu, kukosa jile.

Hakikisha jina lako linaandikwa kama lilivyo kwenye karte yako ya uchaguzi, na ya kila mtoto pia. Kuna wazazi wanaofurahi mtoto akipita bure bila kuandikwa. Furaha hiyo ni ya kijinga kidogo: mtoto asiyeandikwa, hakuna atakayemtafuta. Kisha tuma ujumbe nyumbani: jina la boti, saa ya kuondoka, bandari ya kufikia. Meseji moja inatosha.

Mbele ya kukanyaga ubao, simama pembeni uangalie boti yenyewe dakika mbili. Inalalia upande mmoja ikiwa bado imefungwa? Maji yako karibu na ukingo? Boti nyingi zina mstari uliopakwa rangi ubavuni kuonyesha mwisho wa kuzama. Ukiwa umemezwa na maji, mzigo umezidi. Mizigo mizito imepangwa juu na watu chini? Hizo ni sababu za kutosha za kukataa safari, hata kama tiketi umelipa. Kukataa ni kugumu, hasa ukiwa peke yako na kila mtu anapanda akicheka. Lakini mara nyingi, baada ya ajali, lawama inatupwa kwa abiria, kwamba "watu hawasikii". Anayepata faida ya kila kichwa cha ziada si abiria. Ni mwenye boti, pamoja na yule aliyefumba macho bandarini.

Jile, na mtoto mgongoni

Jile ichukuliwe mikononi mbele ya boti kuondoka. Zile zilizofungwa kwa kamba kwenye dari ao kufungiwa ndani ya chumba cha kapiteni hazimsaidii mtu. Angalia kama mikanda inafunga na kama haijapasuka. Ya mtu mzima haifai kwa mtoto: atateleza atoke ndani yake. Ivae na ukae nayo. Watakaokucheka wacheke.

Akina mama wasome sehemu hii vizuri. Jile nzuri imetengenezwa ili imlaze mtu chali, uso juu. Mama aliyefunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akiingia majini na jile, yeye anapumua lakini mtoto yuko chini ya maji. Kwa hiyo, ndani ya boti mtoto afunguliwe, akae mapajani, na awe na jile yake ndogo. Kama bandari haina jile ya watoto, hiyo pekee inatosha kuahirisha safari.

Pasipo jile, bidoni tupu ya njano ya lita 20, iliyofungwa kifuniko vizuri, inaweza kumshikilia mtu mmoja juu ya maji. Wavuvi wanajua. Inahitaji mikono yenye nguvu ya kuikumbatia muda mrefu, ndiyo maana haichukui nafasi ya jile, lakini katikati ya ziwa ni bora kuliko begi la nguo.

Ndani ya msongamano

Kwenye ubao wa kupandia, acha mkono mmoja huru. Mizigo miwili mikubwa pamoja na mtoto ni nyingi mno kwa mtu mmoja; afadhali kumlipa mbeba mizigo ambaye mmepatana naye bei mapema, na kumtanguliza mbele ya macho yako. Pesa na simu viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, karibu na mwili. Wezi wa bandarini wanapenda mtu anayeshangaa maji.

Watu wakianza kusukumana kwa nguvu, inua mikono mbele ya kifua kama mtu wa ngumi, ili mapafu yabaki na nafasi ya kupumua. Katika msongamano mkubwa mtu anakufa mara nyingi akiwa amesimama, kwa kukosa hewa. Usipigane na nguvu ya kundi. Sogea kidogokidogo kwa mshazari kuelekea pembeni. Kandambili ikianguka, iache. Mtoto mdogo abebwe juu, asishikwe mkono tu.

Ukishapata nafasi, tazama mlango uko wapi, kisha wa pili. Kaa karibu na katikati ya boti, upande wa chini: ndipo inapotikisika kidogo, na kichefuchefu kinapungua. Mtu akianza kujisikia vibaya aangalie mbali kwenye mstari wa milima, asikazie macho simu. Njia ya kupita isizibwe na mizigo, hata ya kwako.

Boti za usiku kati ya Goma na Bukavu zinachukua masaa mengi, na hapo msongamano unakuwa wa namna nyingine: mstari wa choo, watu wanaolala chini kwenye njia, walevi wachache. Wasichana wanaosafiri wakae pamoja, karibu na familia zenye watoto, na mmoja abaki macho. Boti za mbio zinafupisha safari kuwa masaa machache, lakini bei ni ya juu na nafasi zinaisha haraka.

Kelele zikianza, ile hamu ya kusimama na kukimbilia upande wenye watu wengi ndiyo ya kuzuia kwanza. Bakia mahali pako. Boti ikizama kweli, toka kwa upande ulio wazi, usirudi kutafuta begi. Maji ya ziwa Kivu yana joto la digri kama 23; mtu mwenye jile anaweza kungoja humo masaa kadhaa. Asiogelee ovyo hadi nguvu ziishe. Akusanyike na wengine, waite kwa pamoja, wabaki wanaonekana.

Na zile meli kubwa za utalii

Kuna wenye ndugu Canada ao Ulaya wanaotuma picha za meli zenye mabwawa ya kuogelea. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600. Hakuna muujiza katika kuwapakia: kila kundi linapewa saa yake ya kufika, na kila mtu anasajiliwa akiingia na akitoka.

Hata hizo zilijifunza kwa machozi. Tarehe 13 mwezi wa 1 mwaka 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Waliokufa ni 32. Abiria waliopanda siku hiyohiyo walikuwa hawajaonyeshwa namna ya kujiokoa. Baadaye sheria ya kimataifa ilibadilishwa: zoezi hilo lifanywe mbele ya meli kuondoka ao mara tu inapoondoka.

Jambo hilo halihitaji bwawa wala meli ya mabilioni. Kapiteni wa boti ya watu 80 anaweza kusimama dakika tano, kwa Kiswahili, kuonyesha jile inavyofungwa na mlango wa kutokea. Abiria wana haki ya kumuomba afanye hivyo kabla kamba hazijafunguliwa, na wakiomba kumi kwa pamoja ni vigumu kuwapuuza.

Kwa aliyeokoka ajali, kuna kazi moja iliyobaki ambayo wengi wanaisahau: asipande pikipiki na kwenda zake nyumbani. Apite kwanza kwa wakuu wa bandari ao Msalaba Mwekundu, aandikishe jina lake kamili kama mtu aliye hai, na ataje wale aliokaa nao ndani ya boti. Kisha apige simu nyumbani, kwa simu ya kuazima kama yake imebaki ziwani.