Kumsoma Muyaka Kwanza

Wako wanafunzi waulizao kwa nini mtu atumie wasaa wake katika tungo za kale, hali vitabu vipya vyatoka kila mwaka. Swali hili lastahili jibu, nami hulijibu kwa habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840.

Muyaka alikuwa mtetezi wa Mazrui, waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, mji ulipoingia mikononi mwa Seyyid Said. Alitunga juu ya vita, mapenzi, shida na ubishi wa mitaani. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alimjibu kwa mashairi, maana siku hizo miji iligombana kwa tungo kabla ya silaha na baada yake. Atakaye kujua watu wa Mombasa walivyoiona hatari ile ikiwajia, ataisikia humo kwa sauti yao wenyewe. Riwaya ya leo, hata ikiwa nzuri, yaweza kuikisia tu.

Mshairi alipokufa, mengi ya mashairi yake yalibaki vifuani mwa wazee. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Bila ya juhudi hiyo sijui tungesoma nini. Diwani yenyewe haikupigwa chapa hata mwaka 1940, kwa kazi ya William Hichens.

Wakati huohuo shule zilikwisha shika njia nyingine. Kamati ya lugha iliundwa mwaka 1930, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Wanafunzi wakapewa tafsiri kama Kisiwa chenye Hazina. Hivyo kijana wa pwani aliweza kuwajua maharamia wa Stevenson asimjue Muyaka. Alipokutana na Kimvita, chenye kusema "mato" kwa macho na "ndia" kwa njia, alikiona kigeni. (Ajabu ya ugeni huo ni kwamba siku chache za subira huuondoa.)

Sivichukii vitabu vipya. Lakini vitabu hivyo vina wachapaji, wauzaji na walimu wa kuvisemea, na mwakani vitakuwapo. Maneno ya kale hutegemea wachache wawezao kuyafafanua, na hao hawangoji. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, akaeleza mashairi pamoja na visa vilivyoyazaa. Mwanafunzi na aanzie hapo, kisha aende Mombasa akaulize yaliyosalia.