Mali Bila Daftari: Miaka 30 ya Hifadhi ya Bahari Mafia



Kijarida hiki huzungumzia zaidi madarasa, visima na zahanati. Mwaka huu tumeomba kurasa chache ziende baharini, kwa sababu Hifadhi ya Bahari Mafia, iliyoanza mwaka 1995, imetimiza miaka 30. Ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha za samaki, pweza na nazi za eneo hilo, lakini ukiwauliza vijana wetu wa Dar es Salaam hifadhi ilitoka wapi, utajibiwa kwamba ililetwa na serikali, au na wazungu. Jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba wazee wetu waliitaka, wakaidai, kisha wakagombana nayo ilipokuja kwa sura ambayo hawakuitarajia. Tukiisahau nusu hiyo, tutasahau pia haki iliyomo ndani yake.

Kabla ya hifadhi

Bahari ya Mafia haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wavuvi walijua mwamba upi unavuliwa kusi na upi kaskazi, wapi hutegwa madema na wapi akina mama hushuka kutafuta pweza maji yakitoka sana wakati wa bamvua. Wageni walikuja dago, wakapiga kambi miezi kadhaa, wakavua na kuondoka. Ugeni wa namna hiyo ni wa kale, nasi pia tumekwenda dago kwa wenzetu.

Kilichovuruga mambo ni baruti. Uvuvi huo ulianza kusikika katika pwani ya Tanzania miaka ya 1960. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wadogo pamoja. Wengi huzama bila kuokotwa, na matumbawe yaliyokuwa nyumba yao hugeuka kifusi ambacho huchukua miongo kurudi katika hali yake. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliupiga marufuku. Katika miaka hiyo ya 1970 Ghuba ya Chole na mwamba wa Kitutia vilitangazwa kuwa maeneo tengefu. Lakini tangazo lilibaki kwenye karatasi. Hapakuwa na boti ya doria, askari wala mafuta, na mlio wa baruti uliendelea kusikika hadi vijijini.

Hapa ndipo penye somo la kwanza la historia yetu. Serikali ilikuwa na sheria bila watu wa kuisimamia majini. Wanakijiji walikuwa majini kila siku, ila hawakuwa na mamlaka. Mvuvi wa Jibondo aliyemwona mpiga baruti hakuwa na nguvu ya kumkamata, na ofisa mwenye nguvu ya kumkamata hakuwepo.

Wazee waliomba nini

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuja kupima miamba, nyasi bahari na mikoko ya Mafia. Mwaka 1991 ilifanyika warsha kisiwani kujadili uwezekano wa kuanzisha hifadhi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, aliyeishi Chole miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake Rough Waters mwaka 2004, ameeleza jinsi wanakijiji wengi walivyoipokea hifadhi kwa matumaini mwanzoni. Sababu yao ilikuwa nyepesi kuelewa: walitaka baruti ikome, na walitaka wenyeji wawe na kauli juu ya nani anavua kwao.

Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29, mwaka 1994. Tunawaomba wasomaji wetu waijue sheria hii, maana ni chache zinazosema wazi kiasi hiki. Miongoni mwa makusudi ya kuanzisha hifadhi, sheria inataka vijiji na wakazi washirikishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia hifadhi, wapate sehemu ya manufaa yake, na wapewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali na nafasi za kiuchumi. Iliunda Bodi ya Wadhamini, na kwa kila hifadhi ikaweka Kamati ya Ushauri ambamo vijiji vina wawakilishi.

Kwa hiyo anayesema kwamba kuwasikiliza wavuvi ni hisani ya ofisa fulani hajaisoma sheria.

Hifadhi inaanza, na lawama zinaanza

Hifadhi ilichukua kilomita za mraba 822 upande wa kusini na mashariki mwa kisiwa, zikiwemo Chole, Juani na Jibondo. Sehemu kubwa ni maji, lakini ndani yake kuna vijiji vyenye watu, mashamba na misikiti. Mpango wa Jumla wa Usimamizi wa mwaka 2000 uliigawa bahari katika kanda tatu. Kuna ukanda wa msingi ambao hauvuliwi kabisa. Kuna ukanda wa matumizi maalum, ambako wenyeji huvua kwa zana zisizoharibu. Na kuna ukanda wa matumizi ya jumla, ambako hata mgeni anaweza kuvua akiwa na kibali.

Tunda la kwanza lilionekana mapema. Doria za boti, zilizosaidiwa na wafadhili wakiwemo WWF, ziliwafukuza wapiga baruti katika maji ya Mafia miaka ya mwisho ya 1990, wakati sehemu nyingine za pwani yetu ziliendelea kuteseka kwa takriban miaka 20 zaidi. Hilo ni jambo kubwa, na haki yake lazima tuitoe.

Lakini doria iliyomfukuza mpiga baruti iligeuka pia kwa mwenye juya. Nyavu za kukokota zilizuiwa kwa sababu hukwangua nyasi bahari na kuzoa samaki wachanga. Kuchimba matumbawe kwa ajili ya chokaa kulikatazwa. Kitaalamu hoja zilikuwa na uzito. Kwa kaya iliyokuwa ikila kwa juya, hata hivyo, hoja haikujaza sufuria. Zana mbadala ziligawiwa, lakini hazikutosha wote wala hazikufaa kila mvuvi.

Jibondo ndiko upinzani ulikokuwa mkali zaidi, na si ajabu. Kisiwa kile ni mwamba. Hakina ardhi nzuri ya kulima, maji ya kunywa ni shida, na maisha yake yote ni uvuvi na uundaji wa vyombo. Ukimwambia mtu wa Utende apunguze kuvua, atalalamika akielekea shambani. Mtu wa Jibondo aelekee wapi? Wazee wa huko hawakupinga uhifadhi wenyewe. Walipinga maamuzi yaliyofika kwao yakiwa yamekwisha kukatwa. Ushirikishwaji uliokuwa umeandikwa katika sheria ulikuwa ukitimizwa kwa kuwaita watu kuja kusikia, na kusikia si kushiriki.

Kamba yaanza kuvutwa pande zote mbili

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 ziliipa nguvu ya kisheria mifumo ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vijijini, vinavyojulikana zaidi kwa herufi BMU. Wajumbe wake hutoka miongoni mwa wavuvi wenyewe. Hufanya doria, hukagua leseni, hukusanya takwimu za samaki wanaotua, na hupendekeza sheria ndogo. Yule mvuvi wa miaka ya 1970, aliyekuwa akiona bila kuwa na mamlaka, sasa amepewa kipande cha mamlaka.

Juani imetuonyesha njia. Kazi ya kulinda kasa ilianza Mafia mwaka 2001, na baadaye ikazaa asasi ya Sea Sense. Wanakijiji wenyewe hulinda viota katika fukwe za mashariki, anayetoa taarifa ya kiota hupewa kifuta jasho, na wageni hulipia kutazama watoto wa kasa wakitoka mchangani kwenda majini. Zamani yai la kasa lilikuwa kitoweo cha siku moja. Leo kiota kikitunzwa kinawaletea wanakijiji kipato.

Na Jibondo, kisiwa kile kile kilichoitwa kikaidi, kimeingia katika utaratibu wa kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache na kuifungua kwa siku iliyokubaliwa. Pweza hukua upesi mno na maisha yake ni mafupi, hivyo mwamba ukipumzishwa muda huo mfupi, anayevuliwa siku ya kufungua ana uzito ambao mnunuzi anaulipia. Katazo la pweza limekubalika kwa sababu wanaofunga ndio wanaofungua. Wakazi wanajua tarehe, wanamjua mlinzi, na wanajua nani atafaidi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya amri na makubaliano.

Kuna maeneo ambayo bado yanadai macho yetu. Papa potwe, ambaye kati ya Oktoba na Machi huvuta wageni wengi, huonekana zaidi mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo usimamizi wake unahitaji wilaya, wenye boti na wavuvi kukaa meza moja. Nguva, ambaye wengi wetu tumemsikia kwenye hadithi tu, bado yumo katika maji kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na jarife ni hatari kubwa kwake. Nalo joto la bahari la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi, lilitufundisha kwamba yapo madhara ambayo doria haiwezi kuyakamata.

Kwa nini mhasibu anaandika habari za samaki

Kazi yetu ya kila siku ni hesabu, na kutoka huko tunaleta methali moja: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni jinsi maamuzi ya bahari yanavyofanyika. Wataalamu huja kikaoni na vipimo vya matumbawe na hesabu ya samaki. Mwenye hoteli huja na idadi ya wageni. Mjumbe wa kijiji husimama na kusema, "Samaki wamepungua," au, "Ukanda huu umetuumiza." Anasema kweli, lakini kweli yake haina ukurasa. Kikao kikiisha, kinachoingia katika taarifa ni kile kilichoandikwa.

Sasa fikirini kijiji ambacho BMU yake ina daftari la miaka 5: tarehe, chombo, zana, mahali, kilo, bei. Mjumbe wake akiomba mpaka wa ukanda uangaliwe upya, anafungua daftari. Akisema mwamba uliofungwa umezaa, anafungua daftari. Na akikosea, daftari litamwonyesha kabla hajamlaumu mtu.

Vivyo hivyo kwa fedha. Sehemu ya viingilio vya wageni hurudi vijijini. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Swali la "zimefika ngapi na zimefanya nini" si uchochezi, ni haki ya mwananchi. Lakini lina nguvu tu pale ambapo kuna stakabadhi, muhtasari wa kikao na watu waliohudhuria. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nasi tunaongeza: hata aliyekuwepo, kama halikuandikwa, lake linaweza lisiwepo.

Tunachoomba mwaka huu

Harambee ya mwaka huu imetenga fungu kwa ajili ya bahari. Hatuombi boti wala jengo. Tunaomba mizani ya kupimia samaki katika madiko, madaftari yaliyochapishwa kwa Kiswahili chepesi, mafunzo ya siku chache kwa makatibu na waweka hazina wa BMU, na nauli za wajumbe, wanawake wanaovua pweza wakiwemo, ili kikao kikiitishwa Utende, Kilindoni au ng'ambo ya Nyamisati wasikose kwa sababu ya nauli. Wahasibu walio katika chama chetu wamejitolea kufundisha bila malipo. Nakala za sheria ya mwaka 1994 na mpango wa usimamizi zitapelekwa katika kila ofisi ya kijiji kilichomo ndani ya hifadhi. Hesabu ya fungu hili itachapwa katika kijarida cha mwakani, shilingi kwa shilingi, pamoja na majina ya vijiji vilivyopokea.

Wazee wetu walidai bahari ilindwe na wenyeji wasikilizwe. La kwanza limefanyika kwa kiasi kikubwa. La pili limeandikwa katika sheria kwa zaidi ya miaka 30, na linahitaji kalamu, mizani na nauli. Fomu ya mchango iko ukurasa wa mwisho. Chochote utakachotoa kitaandikwa, na utapewa stakabadhi.