Wambaa: Baina ya Mkarafuu na Bahari

Wambaa ni kijiji cha pwani ya magharibi ya Pemba, kaskazini ya mji wa bandari wa Mkoani, na ndani ya wilaya yake. Hakina ngome wala gofu mashuhuri. Kwa hiyo wenye kuandika tarikhi hukipita wakielekea Pujini au Ras Mkumbuu. Lakini tarikhi haiandikwi katika mawe peke yake. Huandikwa katika ardhi pia, na ya Wambaa yataka kusomwa hivyo.

Baina ya Pemba na bara pana mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 700, hali Unguja imekaa juu ya maji haba. Magharibi ya Pemba ni vilima na mabonde yenye mvua nyingi, na bahari huingia ndani kwa hori zilizozungukwa na mikoko. Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani.

Ardhi hiyo ilipata zao lake katika karne ya 19. Mikarafuu ilianza kupandwa Unguja. Kisha mwaka 1872 tufani ikaing'oa mingi, nayo Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Toka hapo kisiwa kidogo ndicho kilichobeba hazina ya dola. Lakini fedha ilikaa Unguja, na mikono mingi iliyochuma ilikuwa ya watumwa, mpaka sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi alikuwa serikali peke yake, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Ndipo karafuu za magendo zikavushwa kwa vyombo kwenda Kenya: bahari iliyokitenga kisiwa ikawa mlango wake wa nyuma.

Bahari nayo imepata wasimamizi. Kisiwa cha Misali, mbele ya pwani hiyo, kiliwekwa katika hifadhi mwaka 1998, na mwambao wa magharibi ukafuata mwaka 2005. Samaki wahitaji kulindwa, hapana shaka. Lakini swali la karafuu limerudi ufukweni: mali ya mahali ikiamuliwa na walio mbali, mwenyeji hubakiwa na nini? Kijiji kisicho na gofu chaweza kuliuliza swali hilo kwa sauti kubwa kuliko ngome.