Watoto wa Penisilini katika Maniema

Zamani katika Maniema mwanamke asiyezaa aliitwa tasa, na jina hilo lilikuwa mzigo mzito. Mara nyingi mume alimrudisha kwao, na wazazi wake wakadaiwa mali ya ndoa. Watu walisema: amerogwa, ao ametumia dawa za kuharibu mimba. Wazungu wengi wa serikali ya Kibelgiji nao waliwashitaki wanawake. Habari za mume ziliulizwa na wachache.

Miaka 1955 hadi 1957 watu wa Kongo walihesabiwa. Ikaonekana kwamba Maniema, Sankuru na Uele zilikuwa na watoto wachache sana. Mahali pengine zaidi ya mwanamke 1 katika 5 alizeeka bila kuzaa hata mara moja. Kwa kawaida ni 3 tu katika 100. Sababu ilikuwa nini? Kubwa ilikuwa kisonono, ugonjwa unaoziba mirija ya uzazi. Kaswende nayo huharibu mimba. Magonjwa hayo hufuata njia za watu. Na njia ya Ujiji kwenda Kasongo ilipita Kabambare: walipita wafanya biashara ya pembe na watumwa, wakapita askari wa vita ya 1892–1894, wakapita wapagazi wa vita ya 1914–1918.

Ndipo ikaja penisilini. Alexander Fleming aliivumbua London mwaka 1928, lakini Kongo iliipata kwa wingi baada ya vita ya 1939–1945. Haikufungua mirija iliyokwisha kuziba. Kazi yake ilikuwa kuponya mapema, kabla ya madhara. Kwa hiyo mama wengi wazee walibaki bila mtoto, bali vijana wakazaa. Anatole Romaniuk, mtaalamu wa hesabu za watu, alionyesha jinsi uzazi ulivyoongezeka. Uchunguzi wa 2013–2014 ulikuta katika Kongo watoto 6.6 kwa kila mwanamke.

Mwaka 1978 alizaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilianzishwa nje ya tumbo la mama. Kanisa halikubali njia hiyo, lakini mwaka 1987 lilifundisha kwamba mtoto mwenyewe apokewe kama zawadi ya Mungu. Louise alikua akitazamwa na dunia nzima. Mwaka 2006 naye alizaa, kwa njia ya kawaida.

Watoto wetu wa sindano hawakuandikwa katika gazeti lo lote. Walikua kama wengine. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa aibu. Nani angalimwambia mwanawe, “Umezaliwa kwa sababu mimi na baba yako tulitibiwa”? Lakini kimya hicho kina gharama. Dawa ilipata ushindi, lawama ikabaki juu ya bibi zetu, nao walikuwa wagonjwa tu.

Ndugu wasomaji, hata leo jina la tasa linaumiza. Mtoto akichelewa, mume na mke waende kwa daktari pamoja. Na wazee wanaojua habari hizi wawaeleze wajukuu wao bila haya.