Viboko Vinne na Daftari Lake

Januari 2023 ilisambaa video ya wanafunzi wa Shule ya Msingi Kakanja, wilayani Kyerwa, wakichapwa kwenye nyayo. Nchi nzima ilibishana, na sisi wa Chang'ombe hapa Dodoma hatukubaki nyuma: mtoto achapwe au asichapwe? Wachache waliuliza kanuni inasemaje.

Inasema mengi. Wajerumani walituachia simulizi za hamsa-ishirini, yaani viboko ishirini na tano, Waingereza wakaendelea na fimbo, kisha Sheria ya Elimu ya 1978 ikampa waziri mamlaka ya kuitungia kanuni. Za 1979 ziliruhusu viboko sita. Za 2002 zikashuka hadi vinne, kwa kosa kubwa tu, kwa fimbo nyepesi, mkononi au makalioni juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama shule inaye. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye daftari.

Mkuu wa mkoa hatajwi popote. Ndiyo maana Oktoba 2019 iliwagawa watu. Albert Chalamila, wakati huo mkuu wa mkoa wa Mbeya, alifika Sekondari ya Kiwanja, Chunya, ambako wanafunzi walikutwa na simu na mabweni yakaungua, akawachapa 14 kwa mkono wake. Watetezi wa haki za binadamu walilaani. Rais Magufuli alimpongeza hadharani, akaona hata amewachapa kidogo. Mabweni yale yalijengwa kwa jasho la wananchi, na hasira ilistahili. Lakini vijana walioadhibiwa kwa kuvunja sheria za shule walimwona kiongozi akivuka kanuni za nchi na kupigiwa makofi. Hiyo si nidhamu.

Tena ilikuwa mwaka mmoja tu tangu mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, afariki baada ya kipigo cha mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba. Kenya iliachana na viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado.

Serikali imehamia Dodoma, na wanaotunga kanuni hizi tunaishi nao jiji moja. Mkutano ujao wa wazazi Chang'ombe uombe daftari lifunguliwe: nani kachapwa, kwa kosa gani, na nani katia saini.